Barabara ya Buluu ya Kwenda Kanada

Nawaambia kwa sababu ni nyinyi, na kwa sababu mtu akikaa na aibu peke yake inamvimbia tumboni, lakini naomba kitu kimoja tu: mkicheka, mcheke sasa mwanzoni, maana mbele huko hakuna cha kuchekesha. Kuna kona moja hapa Juba, kule Kator, nyuma kidogo ya kanisa kubwa, ambayo siipiti tena. Nikiwa na kazi upande ule namwambia mtu wa boda azunguke, naye analalamika juu ya mafuta yake, namwambia azunguke tu. Katika boma moja la hapo, mbele ya watu wasiopungua mia, nilimfanyia mama mmoja kitu ambacho hata kama amenisamehe (na alinisamehe kwa njia yake, mtaona) mimi mwenyewe bado sijajisamehe.

Mnanijua. Mimi ni Selina yule yule wa Kitale, mdomo mrefu kuliko mkono. Nina miaka sita sasa Juba, nina kibanda changu cha kutengeneza kompyuta Hai Amarat, katikati ya mahoteli na maofisi ya mashirika, na kazi ninaijua, msinione hivi. Shida yangu haijawahi kuwa kazi. Shida yangu ni kwamba napenda watu waone kwamba kazi naijua.

Sasa, kuna Mama Wani. Huyu ndiye aliyekuwa akituletea chapati asubuhi pale Amarat, mama mfupi mwenye miaka sitini na kitu, haraka hana, kelele hana. Zamani za vita walikimbilia Uganda na wakakaa kambini miaka mingi, ndiyo maana Kiswahili anakiongea, kile Kiswahili cha huko cha "mimi iko", ambacho mwanzoni nilikuwa nakicheka na siku hizi najikuta nakiongea mwenyewe bila kujua. Wani lilikuwa jina la mwanawe. Kwa Wabari, aliniambia, jina hilo hupewa mtoto wa kiume wa tatu, na wale wawili wa kwanza hawakufika hata umri wa kutembea, kwa hiyo Wani alikuwa wa tatu na alikuwa ndiye yeye tu.

Wani alipata bahati akiwa bado kambini, akachukuliwa kwenda Kanada. Miaka mitatu iliyopita alirudi kumsalimia mama yake, akamletea laptop, akaipanga mwenyewe kila kitu, akamwonyesha alama moja tu ya kubonyeza, na kila Jumapili baada ya misa Mama Wani alikuwa anabonyeza hiyo alama moja na mtoto anatokea. Kusoma hajui, lakini kile kibonyezo alikuwa anakijua kama anavyojua jiko lake. Halafu mwezi wa kwanza mwaka huu moyo wa Wani ukasimama ghafla, kazini, huko huko kwenye baridi. Mwili kuletwa ikashindikana, viza ya mama haikutoka, na ikabaki azikwe kule na mama awe huku.

Ndipo Mama Wani akasema neno lake, na alilisema mbele ya wote, mara moja. Alisema, "Hakuna mtu atazika mtoto yangu bila mkono yangu." Alitaka wakati wale wa kule wanatupa udongo kaburini, na yeye atupe wake huku, wakati ule ule, akiwa anaona. Ni hilo tu alilotaka. Hakuomba kingine kwa mtu yeyote, si kwa padri, si kwa ndugu wa mume, si kwangu.

Marafiki wa Wani wakatuma linki. Mazishi yangerushwa moja kwa moja, saa moja jioni ya kwetu, kwao asubuhi. Poni, binti ya dada yake Mama Wani, msichana mpole anayeuza chai kule Sherikat, alikuwa na simu nzuri na alishaijaribu ile linki, ikafunguka bila neno. Akanijia siku ile asubuhi akaniuliza kama hatungeweza kumshikia mama simu tu. Na mimi (yaani mimi hapa, mbona hamkuwepo mnizibe mdomo) nikamwambia mama hawezi kumzika mtoto wake kwa kioo cha ukubwa wa kiganja, nitaleta projekta, tutatundika shuka nyeupe, boma zima litaona, na sauti itatoka kwa spika za kwaya. Poni akasema sawa, dada. Nilimwambia hivyo kwa kumhurumia mama, hilo ni kweli, lakini kama ni kusema ukweli wote, nilijua pia kwamba watu wa maofisi ya Amarat waliokuwa wanakula zile chapati watakuja msibani, na nilitaka wanione.

Sasa sikieni uamuzi wenyewe mdogo ulioniangusha. Laptop yangu ya kazi ilikuwa mezani kibandani, ina kila kitu, na boda ilikuwa inaningoja nje. Mkono huu projekta, mkono huu begi la nyaya. Nikaiangalia laptop, nikajiambia ya nini kujibebesha, kwani si kwa mama iko laptop ya Wani, na tena itapendeza zaidi, mtoto azikwe kwa mashine aliyoileta mwenyewe. Nikafunga kibanda nikaenda. Ile programu ya mikutano inayotakiwa kufungulia ile linki, ambayo si ile ya kupigia aliyoiweka Wani, niliibeba kwenye flashi, nikijua kuiingiza ni kazi ya dakika tatu.

Nilifika saa kumi na moja. Bika, ndivyo wanavyouita msiba hapa, ilikuwa imejaa hadi barabarani, wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka chini ya turubai, wanaimba nyimbo za kanisa taratibu. Mama Wani nilimkalisha mbele kabisa, kwenye kigoda, na mapajani alikuwa na bakuli la bati lenye udongo mwekundu aliouchimba mwenyewe asubuhi kando ya jiko. Nikatundika shuka, nikawasha projekta kwa jenereta ya jirani, nikaunganisha spika, nikaweka na maiki pale kando ya laptop ili mama akitaka kusema neno na watu wa kule lisikike. Mwanga ulipopiga shuka wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja wa wale wa maofisini akaniuliza kama nina namba ya simu. Nikampa. Halafu nikaletewa maharage na chai, nikakaa, nikala. Saa nzima nilikaa pale nikinywa chai na sikuingiza programu, kwa sababu ni dakika tatu.

Saa kumi na mbili na nusu nikachomeka flashi. Kila nililolifanya lilionekana pale shukani, kubwa kama mlango wa kanisa. Ikatokea ile mistari ya buluu inayosogea, asilimia kumi, ishirini, arobaini, na watu wakaanza kuifuata kwa macho, wanawake wakapunguza sauti. Mzee mmoja aliyekuwa karibu yangu akaniuliza kwa upole kama ile buluu ndiyo barabara ya kwenda Kanada. Nikamwambia ndiyo mzee, ndiyo hiyo. Ikafika tisini na nane. Ikasimama. Halafu ikatoweka, na kukaja kisanduku cheupe kinachosema imeshindikana.

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha fundi, nikasema ni mtandao. Nikaanza upya. Sasa watu walikuwa wanahesabu pamoja nami, nawasikia, sabini, themanini, wengine kwa Kiarabu cha Juba, na ilipofika tisini na nane boma lote likanyamaza, na ikaanguka tena pale pale. Nikasema ni jenereta, umeme unacheza. Nikaomba akina mama waache kuimba kidogo nipate kufikiri, na wakaacha, fikirieni, nimewazima watu nyimbo zao msibani kwa sababu ya kisanduku. Nikajaribu mara ya tatu. Tisini na nane. Hapo nikasema seva ya Kanada imejaa (sijui hata nilimaanisha nini), na yule mzee akawageukia wenzake akawafafanulia kwamba barabara ina foleni.

Saa moja kasoro dakika kumi Poni akanifuata, akainama sikioni. Akasema simu iko tayari, dada, nimpe mama sasa hivi. Na bado hapo nilikuwa naweza kuokoka, jameni. Neno moja tu, sawa. Lakini niliona wale watu wa maofisini wananitazama, na jasho linanitiririka mgongoni, na nikamwambia Poni asiwachanganye watu, anipe dakika mbili. Akarudi nyuma na simu yake.

Ndipo nikakisoma kile kisanduku vizuri kwa mara ya kwanza, kitu ambacho fundi anatakiwa kukifanya mara ya kwanza. Kilikuwa kinaniambia tatizo tangu mwanzo. Programu nyingi zikitaka kuingia kwenye kompyuta hupitia kwanza kwenye folda yenye jina la mwenye kompyuta, zinatua mizigo yao hapo, ndipo zinajipanga. Folda hiyo ilikuwa imepewa jina lenye herufi moja isiyo ya Kiingereza, n yenye mkia, na ile programu yangu ya zamani ya kwenye flashi haikuijua hiyo herufi, ilipoifikia iliona shimo, ikarudi. Si mtandao, si jenereta, si Kanada. Nilipoiona nikajawa na hasira, hasira ya mtu aliyeaibishwa akapata wa kumtupia, na nikasema kwa meno, nikijua najisemea mwenyewe:

"Mjinga gani huyu ameandika jina namna hii? Angekuwa hapa ningemzaba kofi."

Maiki ilikuwa wazi. Sauti yangu ilitoka kwenye spika zote mbili za kwaya, ikaenda hadi barabarani, na kila mtu aliyekuja kumlilia Wani akaisikia.

Akasimama Mzee Lado, ndugu wa marehemu baba yake Wani, mzee anayefundisha katekisimu, mtu asiyepaza sauti kwa lolote. Akavua kofia yake. Akasema, "Ni Wani aliandika. Yaŋo. Kwa sisi ni Mama. Mimi nilimfundisha hiyo herufi kambini, kwa mchanga."

Wanasema mdomo uliponza kichwa, lakini mimi sikuponza kichwa changu, niliponza cha mama mwingine. Nilitamani ardhi inimeze, na naomba radhi kutumia neno hilo mahali walipokuwa wanamzika mtu. Sikuthubutu kumwangalia Mama Wani. Na badala ya kuinuka nikamwite Poni, nikafanya lile ambalo hadi leo linaniamsha usingizini: nikainama tena kwenye kompyuta. Nilishajua dawa, si mnaona, na nilidhani nikiwahi watasahau. Dawa ni kufungua jina jipya pembeni, la herufi za kawaida, programu ipitie huko. Nikafungua, nikaandika "test" kwa haraka, kompyuta ikaanza kujitayarisha, ikaniambia nisubiri, ikanikaribisha, ikaniambia nisubiri tena, na boma zima linatazama shuka inayosema subiri, hadi saa moja na robo.

Kumbe kule nyuma Poni alikuwa amefungua simu. Hakukusudia ubaya, alitaka tu kuona kama wameanza, na wanawake wanne watano wakamzunguka. Walikuwa wameanza, na walikuwa wanamaliza. Ibada ilikuwa fupi kwa sababu ya baridi. Walipofungua tu, jeneza lilikuwa linashuka, na watu wanatupa udongo.

Tukasikia kilio kutoka nyuma. Si kile cha kuimba, ni kile kingine. Mama Wani alikuwa mbele, nimemkalisha mimi mbele kabisa ili aone kuliko wote, na akageuka akawaona wenzake kule nyuma wanalia wakiangalia kitu kidogo mkononi mwa Poni, akaelewa. Akataka kusimama na bakuli likamzuia. Poni akaja mbio katikati ya mikeka, anaruka miguu ya watu, lakini alipofika na ile simu, na programu nayo ikaingia na picha yangu ikafunguka pale shukani, kubwa, safi, sauti nzuri kabisa, kilichokuwepo ni theluji, na watu waliovaa makoti meusi wanaelekea kwenye magari, na mwanamume mmoja anakunja kamba. Shimo lilikuwa limeshafunikwa kwa zulia la kijani. Yule mwanamume akaja karibu na kamera, akainama, na picha ikazima.

Mama Wani akakaa. Akaniuliza taratibu, "Fundi, mtoto yangu amekwisha ingia?"

Nikamwambia ndiyo, mama. Nikalia hapo, kwa sauti, kwenye maiki yao.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Mzee Lado akawaashiria akina mama waimbe, hawakuweza, wimbo ukaanza mara mbili ukafa. Mimi nikaanza kukusanya nyaya zangu, nikitaka kuondoka kabla chai haijaletwa, na ndipo nikahisi mkono kwenye nguo yangu. Mama Wani aliniuliza kama ile jina ya Wani nimefuta. Nikamwapia kwamba sijaligusa, nimefungua jingine pembeni tu, lake lipo. Akasema nimrudishie, anataka kuiona.

Nikafunga ile "test" yangu. Kompyuta ikarudi kwenye mlango wake wa kuingilia, nikalichagua lile jina la zamani, na likatokea pale katikati ya shuka, jeupe, herufi kubwa kuliko kichwa cha mtu, na ile n na mkia wake. Mama Wani akaliangalia sana. Miaka mitatu lilikuwa likimpita kila Jumapili na hakuna aliyewahi kumwambia ni nini, maana Wani alijua mama hasomi na hakuliandika ili lisomwe, nadhani aliliandika tu. Akamwomba Mzee Lado alisome. Mzee akalisoma, "Yaŋo."

Mama Wani akajibu. Alijibu vile mtu anavyojibu akiitwa kutoka chumba cha pili. Halafu akasimama, akaenda hadi chini ya ile shuka, akachota udongo kwa mkono wa kulia, akautupa pale chini ya jina. Akachota tena. Watu wakaanza kuinuka, Mzee Lado, Poni, yule mzee wa barabara ya buluu, kila mmoja anachota kidogo anatupa, hakuna aliyewaambia. Mimi nilikuwa nimebana nyuma ya projekta, nikishukuru kwamba mwanga unawapiga wao na si mimi.

Akanitafuta kwa macho. Bakuli lilikuwa limebaki na udongo kidogo pembeni.

"Wewe ulisema, kama iko hapa, unapiga yeye kofi," akaniambia. "Yeye iko hapa sasa. Kuja."

Nilienda. Nilipita mbele ya mwanga, kivuli changu kikafunika jina lote, nikainama upesi ili kiondoke. Nikachota ule udongo uliobaki, nikautupa. Ulikuwa bado na unyevu wa asubuhi.

Tangu siku ile sina safari ya kazi bila laptop yangu mwenyewe, hata kama mikono imejaa, naining'iniza shingoni. Mtu akiniambia tutumie simu, tunatumia simu. Na mteja akiniletea mashine yenye jina nisilolielewa, la Kiarabu, la Kidinka, lenye mkia, lenye nukta, kabla sijagusa kitu namuuliza aliyeliandika ni nani na kama yuko hai. Wengine wananiona nimechanganyikiwa. Poni hupita kibandani siku moja moja, ananipa salamu za mama, anasema ile laptop iko pale pale mezani na kila Jumapili baada ya misa Mama Wani anaiwasha, anasubiri jina litokee, anaitika, halafu anaizima. Aliniuliza juzi kama ningeweza kwenda siku moja kuwawekea ile programu ikae vizuri. Nilimwambia, nikijua nadanganya, kwamba programu haitaingia kamwe kwenye kompyuta ile, na asimruhusu fundi mwingine yeyote ajaribu.